Aliyembebea Tusekile

Taa ya njano iliwaka mkononi mwa Tusekile, juu kwenye kibanda cha kreni, boriti ikiwa tayari hewani, katikati kabisa ya bonde la Kiwira, na mafundi sita wakiingojea kwenye jukwaa chini yake.

Kwanza alidhani ni jua limepiga kwenye kioo. Akageuza mkono, akaangalia tena. Halikuwa jua. Kibebo, ule mshipi mpana alioufunga juu ya kiwiko tangu asubuhi, kilikuwa kimeacha ukijani wake, na kilitetemeka kidogo kidogo kama simu iliyozimwa sauti.

"Tusekile, mbona umeganda?" Sauti ya Kasyupa, msimamizi wa daraja, ilitoka kwenye redio. Alikuwa amesimama ukingoni, kofia ngumu imemkaa upande. "Shusha taratibu. Upepo umetulia, tusiuchezee."

"Nashusha, bosi."

Akashusha. Liva ya kushoto kidogo, ya kulia kidogo zaidi. Mikono ilikuwa inamsikiliza. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba mikono yake inamsikiliza vizuri namna ile, na kumbe mahali fulani kuna mtu ambaye yake haimsikilizi hata kidogo. Maana njano ilikuwa na maana moja tu: anayekubebea ameshindwa, anaomba kukurudishia.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini Tusekile hakupokea palepale, lazima kwanza aujue uchovu wenyewe. Wengi hawaujui. Wanadhani ni ule wa kutoka shambani, ambao ukishaoga na kula na kulala, asubuhi huukuti. Tusekile alikuwa na soriasisi tangu usichana, mabaka yenye magamba viwikoni na nyuma ya masikio, na alipofika thelathini ugonjwa ukaingia kwenye viungo. Vidole vikamvimba kama soseji. Visigino vikawa vinamuuma hata akikanyaga zulia. Kwa hayo kulikuwa na sindano, na sindano zilisaidia. Lakini uchovu, jamani. Alikuwa analala usiku kucha na kuamka mzito kuliko alivyolala. Kuna siku alishika mswaki akashindwa kuufikisha mdomoni, akakaa nao ukingoni mwa kitanda mpaka dawa ya meno ikamdondokea gauni. Kwenye kreni ulimkamata mara mbili akiwa na mzigo juu, na mara ya pili wakamtoa kazini. Mtaani wakasema mke wa Lusubilo mvivu, anasingizia ugonjwa.

Daktari mmoja alimweleza vizuri. Walinzi wa mwili wako, alisema, wamechanganyikiwa, wanapigana na nyumba yao wenyewe. Na kila wanapopigana wanapeleka ujumbe ubongoni: lala chini, tuko vitani. Mtu mwenye mafua anaupata ujumbe huohuo siku mbili tatu, kisha vita inaisha. Yako haiishi.

Kibebo kilipovumbuliwa hakikutibu ugonjwa, na wenyewe waliokitengeneza hawakudai kwamba kinatibu. Kilichofanya ni kuudaka ule ujumbe kwenye mishipa ya fahamu kabla haujafika ubongoni na kuupeleka kwa mtu mwingine, mzima, mwenye kibebo pacha. Walikuwa wamejaribu kuunyamazisha tu bila kuupeleka popote, wakashindwa. Ujumbe ulitaka lazima usikilizwe na mtu.

Basi wanawake wa Tukuyu, ambao kila kitu wamekichezea mchezo wa kupeana kwa zamu, kuanzia sufuria mpaka mabati, wakaufanyia mchezo na huo uchovu. Wakajiunga kumi na wawili. Kila mmoja alikuwa na siku yake ya kumbebea Tusekile, asubuhi mpaka jua kuzama, ili mwenzao arudi kazini, na usiku uchovu unamrudia akiwa kitandani. Masharti yalikuwa yaleyale ya michezo yote ya pale: hakuna kukwepa zamu, hakuna kurudisha kabla ya jua kuzama, na anayebebewa haambiwi nani kabeba, asije mtu siku moja akamsimanga kwa wema wake. Tusekile akarudi kwenye kreni. Tangu siku hiyo taa ilikuwa kijani, na alikuwa anashuka jioni anaimba.

Leo njano. Saa tano asubuhi.

Kwenye kibebo cha mtu anayeendesha gari au mtambo kulikuwa na kitufe kilichoandikwa Subiri. Kiliwekwa ili dereva asije akazidiwa ghafla barabarani. Ukikibonyeza unapata dakika chache za kuegesha, na yule mwingine anaendelea kubeba. Sheria haikusema kitufe kile kibonyezwe mara ngapi.

Akakibonyeza. Njano ikazimika.

"Ni mtu mzima," alijiambia. "Atavumilia. Mimi nimevumilia miaka."

Na ndani yake, tusifichane, palikuwa na kauchungu fulani katamu. Walimwita mvivu. Basi waonje.

Boriti ikashuka mpaka mafundi wakaweza kuigusa kwa kamba zao. Ilikuwa ya mwisho. Ikikaa hii, pande mbili za bonde zinashikana, na watu wa ng'ambo wataacha kuwazungusha wagonjwa wao njia ya mlimani. Isipokaa leo, mvua zinaingia, na mpaka zikatike hakuna atakayepanda juu ya jukwaa lile. Halafu kulikuwa na jambo lake mwenyewe. Kampuni ilikuwa na mtambo unaojiendesha umekaa tayari kwenye lori. Ni upepo wa bonde hili tu ulioushinda, na ni Kasyupa aliyepiga magoti kwa wakubwa akasema, mrudisheni yule dada, mpeni boriti hizi chache, mtaona. Tusekile alikuwa anaonekana. Miezi yote hii alikuwa anaonekana, na alikuwa anataka kuonekana mpaka mwisho.

Upepo ukaja kutoka chini, kama kawaida yake. Boriti ikayumba, mafundi wakainama.

"Ishike hapohapo," Kasyupa alisema. "Usiguse kitu."

Akaishika. Njano ikawaka tena, na safari hii haikutetemeka tu, ililia kasauti kembamba. Akabonyeza Subiri ya pili bila kuangalia, jicho lake likiwa kwenye ndoano.

Ndipo simu ikaita.

*

Ndani ya kibanda cha kreni simu haikuruhusiwa ila kwa namba mbili, ya Kasyupa na ya Mama Bupe. Mama Bupe ndiye mwenyekiti wa mchezo, mwanamke mnene wa maneno mengi, mshona nguo sokoni. Leo maneno yalikuwa yanamtoka moja moja.

"Mwanangu Tusekile. Uko juu?"

"Niko juu, mama. Nina boriti mkononi."

"Basi usishtuke. Ile njano ni mimi niliyeibonyeza. Mwenyewe hawezi."

"Hawezi vipi?"

"Tumemkuta kwenye kiti ukumbini. Macho yako wazi, ukimwita anakuona, lakini hajibu. Nesi yuko hapa, anasema moyo unaruka mapigo. Pokea, mwanangu."

Tusekile alirudisha jicho kwenye ndoano. Swali lililomjia halikuwa la kuulizwa. Katika mchezo haliulizwi.

"Nani kavaa leo, Mama Bupe?"

Upande wa pili alisikia mtu analia taratibu, na akaijua sauti ya mama mkwe wake. Kwa hiyo pale ni nyumbani kwa wakwe.

"Ni baba mkwe wako," Mama Bupe alisema.

Kitu cha kwanza alichokisikia Tusekile kilikuwa aibu. Hofu ilikuja baadaye. Watoto wa siku hizi wanacheka, lakini nyumba ile ilikuwa bado inashika desturi ya Wanyakyusa wa zamani: mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hasemi naye, hataji jina lake. Miaka tisa ya ndoa, akisikia kikohozi chake njiani alikuwa anaingia nyuma ya migomba mpaka apite, na mzee naye akimwona kwa mbali alikuwa anageuza fimbo na kurudi alikotoka. Hakuna chuki ndani yake. Ni heshima, na wote wawili walikuwa wanaitunza. Na sasa ujumbe uliotoka kwenye nyama yake yeye ulikuwa umelala ndani ya mwili wa mtu ambaye hajawahi hata kumsalimia.

"Imekuwaje mpaka akafikia yeye?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia inatoka mbali.

"Niseme ukweli? Wa kwanza kushindwa ni mimi. Nilijua ni uchovu wa jembe, nikasema huo naujua. Saa nne asubuhi nilikuwa nimekaa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nashindwa kuamua nivae au nivue. Mteja kaja kuchukua nguo yake, nimesahau hata jina lake, na ni shemeji yangu. Zamu yangu iliporudi nikampelekea mwenzangu kibebo, nikamwambia nasafiri. Naye zamu yake ilipofika akampa mwingine, akasema mtoto anaumwa. Kila mtu aliona haya kusema ameshindwa. Tungesemaje, wewe unaubeba kila siku na watoto wa watu tukakuita mvivu? Kumbe wote tumefanya vilevile. Kikaishia kwa mama mkwe wako, na yeye ana presha. Mzee akakivua mkononi mwake akakivaa. Akasema leo tu."

"Leo tu ya lini?"

"Tangu mavuno ya parachichi."

Mavuno ya parachichi yalikuwa yameshasahaulika. Tusekile aliangalia boriti. Ilikuwa imetulia sasa, na mafundi walikuwa wamenyoosha mikono kuipokea.

"Mvueni basi. Mkate huo mshipi."

"Nesi kakataza. Ukikatwa ujumbe ukiwa ndani unabaki hukohuko, hauna pa kurudi. Lazima upokee wewe, kwa dole gumba lako. Mwanangu, mimi sijui mambo ya huko juu. Najua ya huku tu."

Simu ikakatika, au aliikata. Hakukumbuka.

"Tusekile!" Kasyupa alikuwa na furaha. "Kiganja kimoja tu kimebaki. Shusha, vijana wafunge bolti. Nusu saa tumemaliza kazi, dada yangu."

Nusu saa. Alijua Subiri moja haifiki hata robo yake. Angebonyeza tena, na tena, na boriti ingekaa, na picha zingepigwa. Huenda mzee angehimili. Wazee wa milima ile ni wagumu. Huenda Mama Bupe anatia chumvi, ndiyo tabia yake. Haya yote aliyafikiri, na aliyafikiri kwa utulivu wa mtu asiyechoka, na hapo ndipo alipojichukia. Hata akili hii inayopima mambo vizuri namna hii, nani aliyekuwa anailipia?

Lakini kupokea wakati uleule nako hakukuwezekana. Chini ya boriti kulikuwa na watu sita. Uchovu ukimkamata na liva mkononi, hao ndio watakaokufa, tena kwa hakika kabisa, siyo kwa huenda.

Njano ikalia.

"Bosi," alisema kwenye redio, "watoe watu kwenye jukwaa."

"Unasemaje?"

"Watoe watu. Nairudisha boriti ukingoni."

"Una wazimu? Bolti hizi hapa mkononi. Nini kimeharibika?"

"Anayenibebea anakufa. Nikipokea nitazimika, na nina tani kumi na mbili juu ya vichwa vya watu wako. Usinihoji, Kasyupa, watoe."

Hakuwahi kumwita Kasyupa kwa jina tupu. Akasikia filimbi, ndefu, mara tatu. Mafundi waliangalia juu, wakaangalia ukingoni, wakaanza kufungua mikanda yao ya usalama na kutambaa kwenye ngazi mmoja mmoja, kwa sababu ngazi ilikuwa ya mtu mmoja.

Njano ililia tena. Watu wawili walikuwa wametoka, wanne bado.

Akabonyeza Subiri ya tatu. Hii aliibonyeza akijua ni nani, akiona kabisa kiti na ukumbi na yale macho yaliyo wazi, na kidole kilimwuma kana kwamba kitufe kina moto. Mbili za kwanza angeweza kusema hakujua. Hii hapana. Alihesabu kofia zinazopanda ukingoni, na ya mwisho ilipopanda alishaweka dole gumba kwenye kioo cha kibebo na kukibana mpaka kioo kikageuka cheupe, ishara kwamba amepokea.

Hakungoja. Alizungusha mkono wa kreni kuelekea ukingoni kabla ujumbe haujafika.

Ulikuja kwa miguu kwanza. Magoti yakajaa mchanga. Alikuwa ameusahau ulivyo mtu akiwa macho, na hilo hakulitegemea, kwamba mtu anaweza kuusahau kitu alichoishi nacho miaka yote ile. Halafu mabega. Halafu ule ukungu nyuma ya macho, ambapo kila kitu bado unakiona ila hukumbuki unakitaka cha nini. Boriti ilikuwa inapita juu ya maji. Liva ya kulia ni ya kushusha. Au ya kushoto. Alijua jibu, lilikuwepo, lakini ilibidi alifuate mbali.

"Kulia," Kasyupa alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa, ya mtu anayeongoza kipofu. "Kulia, kidogo. Umefika juu ya ardhi. Kulia tena. Shusha. Tusekile, shusha."

Akashusha. Ncha ya mbele iligusa udongo vizuri. Ya nyuma ilishuka upesi kuliko alivyouagiza mkono wake, ikapiga mwamba, na mlio wake ulisikika mpaka ng'ambo. Boriti ikalala ukingoni, imepinda ncha, haifai tena kwa daraja lolote. Tusekile alizima injini. Akaegemeza paji la uso kwenye kioo, na hapo ndipo walipomkuta walipopanda kumshusha.

*

Kasyupa mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa wakwe. Njiani hakusema kitu ila kimoja. "Wameshaagiza ule mtambo ushushwe kwenye lori." Hakukisema kwa ubaya. Alimfungulia mlango, akamshika mkono mpaka barazani, akaondoka.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, khanga imemwangukia mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko hai. Mapigo yamerudi, anaongea. Nesi kaenda kuleta dawa." Akamtazama Tusekile usoni, akaona. "Ingia ukae, utaanguka."

Ukumbi ulikuwa na viti vya mbao na pazia la maua, na nyuma ya pazia ndipo mzee alipolazwa. Tusekile alijua anapaswa kurudi nje. Kitambaa tu kilikuwa kinawatenganisha. Lakini baraza ilikuwa hatua kadhaa, na hatua zile hakuwa nazo. Akajishusha kwenye mkeka, mgongo ukutani, uso kaugeuzia upande mwingine ili angalau asionekane anatazama.

Kikohozi kikasikika. Miguu yake ilitaka kukimbilia migombani, kwa mazoea, ikashindwa.

"Muulize," mzee alisema nyuma ya pazia. Alikuwa anamwambia mkewe, kama desturi inavyotaka. "Muulize, boriti imekaa?"

Mama mkwe akamgeukia Tusekile. "Anauliza, boriti imekaa?"

"Mwambie haikukaa, mama. Nimeirudisha. Imepinda."

Hakukuwa na haja ya kumwambia, mzee alikuwa amesikia. Kitanda kikalia. Na sauti iliyotoka ilikuwa ya hasira, hasira ya kweli ya mzee aliyedhulumiwa.

"Sasa mimi nilikuwa nabeba nini?"

Mama mkwe akaweka mkono mdomoni.

"Kila mchana nilikuwa najikokota mpaka pale kilimani," mzee aliendelea, akipumzika baada ya kila maneno machache. "Wewe mama ni shahidi. Mkwe siruhusiwi kumtazama. Kreni siyo mkwe. Kreni niliitazama. Nikaiona inapandisha, inashusha, nikasema moyoni, na mimi nimo humo ndani. Ilikuwa imebaki moja. Moja! Nani kamwambia aniokoe?"

Tusekile alikuwa na majibu. Alikuwa nayo mengi. Alitaka kusema kwamba amembonyezea Subiri mara tatu na ya tatu alikuwa anajua. Alitaka kusema asante, na samahani, na kwa nini hamkuniambia, na kwamba daraja linangoja mvua zikatike lakini mtu hangoji. Maneno yalipanda mpaka kwenye ulimi na yakalala pale. Mdomo ulifunguka. Machozi yalimtoka, hata kuyafuta hakuweza.

"Mjibu basi, mwanangu," mama mkwe alimnong'oneza. "Mzee anangoja."

"Mwache," mzee alisema.

Hasira ilikuwa imemtoka. Alipoongea tena hakumpitishia mkewe.

"Kujibu nako ni kazi. Najua. Lala, Tusekile."

Hakuwahi kulitaja jina lile. Mama mkwe alishtuka, akaangalia pazia, akamwangalia mkwe wake, kisha akajifanya hakusikia, akavua khanga ya mabegani akaitandika juu ya mkeka. Tusekile akalala palepale ukumbini, kichwa kikielekea kwenye pazia, mchana kweupe, na hakuna aliyemwambia ainuke.